Utelezi wa kijani mtungini: Mwani hutembeaje, na hushikaje?

Mvua za vuli zikishapita, jamaa nyingi za Kitui na Makueni huanza kuhesabu maji kama zinavyohesabu mahindi ghalani. Tangi lililojazwa na maji ya paa mwezi wa Novemba na Desemba hutazamiwa lifike mbali. Silanga lililochimbwa bondeni hutegemewa na watu, ng'ombe na punda. Mitungi ya lita 20, ile ya manjano iliyokuwa na mafuta ya kupikia, hupangwa kando ya ukuta ikingoja zamu yake.

Baada ya wiki chache, mtu akiingiza kidole kwenye mdomo wa mtungi hugusa kitu chenye utelezi. Akichungulia huona rangi ya kijani imetanda ndani, hasa upande unaopigwa na jua. Wengi husuuza kwa maji kidogo, wakatikisa, wakamwaga, kisha wakajaza tena. Siku chache baadaye utelezi umerudi pale pale.

Msomaji anayeishi mjini asidhani kwamba jambo hili ni la mashambani pekee. Matangi yaliyo juu ya paa za nyumba za kupanga Nairobi, Mombasa na Kisumu, na mitungi ya wachuuzi wa maji, yana utelezi huo huo. Isitoshe, wengi wetu tuna wazazi na watoto kule nyumbani wanaokunywa maji hayo kila siku.

Je, utelezi huo ni uchafu tu? Mbona hauondoki kwa kusuuza? Na je, una madhara yoyote kwa afya? Katika somo la leo tutajibu maswali haya kwa kuanzia kwenye mzizi wake: kiumbe mdogo sana aitwaye mwani, namna anavyotembea majini, na namna anavyojibandika mahali.

Mwani ni nini?

Watu wa pwani wanaposema mwani, huwa na maana ya majani ya baharini yanayoletwa ufukoni na mawimbi, au yale yanayolimwa Zanzibar na kusini mwa pwani ya Kenya. Hao ni mwani wakubwa. Lakini aina nyingi za mwani ni ndogo mno, na kila mmoja ni seli moja tu. Hauna mzizi, shina wala jani. Seli hiyo moja hula, hupumua, huzaa na, kama tutakavyoona, hutembea.

Mwani una rangi ya kijani kwa sababu hubeba klorofili, ile dutu iliyomo katika majani ya mhindi na ya mwembe. Kwa klorofili hiyo mwani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni kujitengenezea chakula. Basi mahitaji yake ni machache: maji, mwanga na mbolea kidogo. Mbolea hiyo yaweza kutoka kwa majani yaliyoanguka kwenye mfereji wa paa, kinyesi cha ndege, samadi ya mifugo, au mchanga uliosombwa na mvua kutoka shambani.

Mtu wa kwanza kuandika habari za viumbe hawa kwa undani alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek. Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa moja karibu na mji wake wa Delft, akayaangalia kwa kioo cha kukuzia alichokisaga mwenyewe. Aliona nyuzi za kijani na vidudu vidogo vikienda huku na huku. Hapo ndipo ilipoanza kujulikana kwamba tone moja la maji ya bwawa ni kama mji mzima.

Jambo moja la kukumbuka. Kuna viumbe ambao watu huwaita mwani wa buluu-kijani. Kwa kweli hao si mwani bali ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Tutawarudia baadaye, kwa maana wao ndio wenye hatari kubwa zaidi kwa mnywaji.

Kuogelea ndani ya asali

Hebu tuchukue mfano wa mwani mmoja unaopatikana sana katika madimbwi na udongo wenye unyevu. Wanasayansi huuita Klamidomonasi. Umbo lake ni kama yai, na upana wake ni mikromita 10 hivi. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukizipanga seli saba au nane kwa mstari, zitatosha upana wa unywele mmoja.

Mbele ya seli hii kuna nyuzi mbili nyembamba ziitwazo mijeledi. Kila mjeledi una urefu unaokaribia kuwa sawa na seli yenyewe. Seli huitupa mijeledi hiyo mbele, huivuta nyuma, huitupa tena, mara 50 hivi kwa sekunde moja. Ni kama mtu anayeogelea kwa kupasua maji kwa mikono miwili pamoja.

Kwa mwendo huo seli husafiri mikromita 100 hivi kwa sekunde. Kwa macho yetu ni mwendo wa kinyonga. Hata hivyo, ni sawa na mara kumi ya urefu wa mwili wake kila sekunde, na hakuna mwogeleaji wa binadamu anayekaribia kiwango hicho. Kwa saa moja, ikienda bila kupinda, hufika sentimita 36. Hivyo inaweza kuvuka mtungi wa maji kutoka ukuta hadi ukuta kwa muda usiofika saa moja.

Lakini kuna ugumu. Kwetu sisi maji ni mepesi. Mtu akijisukuma kutoka ukuta wa bwawa la kuogelea, mwili wake huteleza mbele kwa muda hata asipopiga mikono. Kwa kiumbe mdogo kama mwani, mambo ni tofauti kabisa. Udogo wake hufanya maji yamnate, ni kana kwamba yumo ndani ya pipa la asali nzito ya Mwingi. Akiacha kupiga mijeledi, husimama papo hapo.

Ugumu huu una matokeo ya ajabu. Mwaka 1977 mwanafizikia Mmarekani, Edward Purcell, alieleza kwamba katika hali kama hiyo kiumbe hakiwezi kusonga kwa kufungua na kufunga kitu kimoja kwa njia ile ile, kama mlango unavyofunguliwa na kufungwa. Hatua atakayopata wakati wa kufunga, ataipoteza yote wakati wa kufungua. Ataishia kutikisika mahali pamoja.

Mwani umepata njia ya kuepa mtego huo. Wakati wa kuvuta, mjeledi hunyooka na kupiga maji kwa upana. Wakati wa kurudi, mjeledi hujikunja na kupita karibu na mwili, usisukume maji mengi. Safari ya kwenda na ya kurudi hazifanani, na tofauti hiyo ndiyo inayoipeleka seli mbele.

Jicho lisilo na kichwa

Kuogelea bila kujua uendako ni kazi bure. Klamidomonasi ina doa dogo la rangi ya machungwa ubavuni, linaloitwa doa la jicho. Halioni sura wala umbo kama jicho letu. Kazi yake ni kutambua mwanga unatoka upande gani.

Seli inapoogelea, huzunguka kama pia, mara mbili hivi kwa sekunde. Doa lile nalo huzunguka nayo na kukagua pande zote, mfano wa mnara wa taa bandarini. Mwanga ukiwa upande mmoja, seli hubadilisha kidogo nguvu ya mjeledi mmoja na kugeuka. Mwanga wa kadiri huufuata. Mwanga mkali mno, kama jua la saa sita mchana, huukimbia.

Msomaji anaweza kuyaona haya mwenyewe, hata bila hadubini, na ni jaribio zuri kwa watoto wa shule. Chukua maji ya kijani kutoka kwenye dimbwi, uyatie katika gilasi ya kioo. Ifunike gilasi yote kwa karatasi nyeusi, ukiacha tundu dogo ubavuni. Iweke mahali penye mwanga wa kawaida, si kwenye jua kali, kwa saa kadhaa. Ukiiondoa karatasi polepole, na ikiwa maji hayo yana mwani wenye kuogelea, utaona kijani kimekusanyika karibu na lile tundu. Mwagia mimea maji hayo, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hapa sasa tunapata jibu la swali letu la kwanza. Mtungi wa manjano au mweupe hupitisha mwanga. Mwani ulioingia na maji ya silanga hufuata mwanga huo hadi ukutani, na hapo huhamia.

Mwani wa kioo unaoteleza

Kuna kundi jingine ambalo halina mijeledi kabisa katika maisha yake ya kawaida, lakini hutembea. Hawa ni diatomu. Kila diatomu imejijengea nyumba ya silika, dutu ile ile inayofanya mchanga na kioo. Nyumba hiyo ina vipande viwili vinavyofunikana kama kopo na kifuniko chake.

Zikifa, nyumba hizo hubaki. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna ardhi nyeupe kama chokaa ambayo imechimbwa kwa miaka mingi. Ardhi hiyo imefanyika kwa maganda ya diatomu zilizoishi katika ziwa la zamani. Unga wake hutumiwa viwandani kuchujia vinywaji, kwa maana umejaa vitundu vidogo visivyohesabika.

Diatomu nyingi zinazoishi juu ya mawe na kuta za matangi zina ufa mwembamba kwenye ganda. Kupitia ufa huo seli hutoa ute unaonata. Ute hushika jiwe upande wa nje. Upande wa ndani, nyuzi za misuli midogo ya seli, za jamii moja na zile zinazokaza misuli ya mkono wako, huuvuta ute ule kuelekea nyuma. Jiwe haliondoki, basi diatomu husogea mbele. Baadhi hufikia mikromita 20 hivi kwa sekunde, na huacha nyuma yao mkondo wa ute kama konokono.

Kwa hiyo kwa diatomu, kutembea na kushika ni jambo moja. Asiponata hawezi kwenda.

Ulimbo wa mwani

Wavulana wanaotega ndege wanaujua ulimbo. Ndege akitua hunaswa miguu. Mwani nao una ulimbo wake, isipokuwa wenyewe ndio unaotaka kunaswa.

Klamidomonasi ikifika ukutani, hunyoosha mijeledi yake miwili pande mbili, mmoja kulia na mwingine kushoto, ikagusa ukuta. Juu ya mijeledi kuna protini zenye sukari zinazonata. Seli hushika, na inaweza hata kuteleza polepole ukutani, mikromita moja au mbili kwa sekunde, kwa kuvuta protini hizo kutoka ndani ya mjeledi.

Wanasayansi wa Taasisi ya Max Planck mjini Göttingen, Ujerumani, walifanya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018. Waliishika seli moja moja kwa bomba jembamba la kioo, wakaisogeza hadi iguse uso, kisha wakapima nguvu ya kuivuta. Katika mwanga wenye rangi ya buluu, mijeledi ilinata. Walipowasha mwanga mwekundu peke yake, mijeledi iliachia na seli ikaogelea. Wakirudisha buluu, ilinata tena. Ni kana kwamba mwanga ndio ufunguo wa kufungia na kufungulia gundi hiyo.

Maana yake ni rahisi kuelewa. Mwanga wa jua una buluu tele. Seli iliyopata mahali penye mwanga mzuri haina haja ya kuzurura. Hutia nanga na kuanza kula.

Jinsi ukoga unavyojengwa

Utelezi wa mtungini si kazi ya mwani peke yake. Hujengwa kwa hatua, kama ukoga wa meno usiposwaki.

Hatua ya kwanza huanza mara tu maji yanapoingia katika chombo. Vijipande visivyoonekana vya protini na mabaki ya majani hujipaka ukutani. Hatua ya pili ni bakteria, ambao hutua juu ya mpako huo na kuanza kutoa ute. Hatua ya tatu, katika siku zinazofuata, ni diatomu na mwani wa kijani, ikiwa kuna mwanga. Hatua ya nne ni mwani wa nyuzi, wenye kushika kwa seli ya chini inayofanya kazi ya mzizi. Mwishowe wadudu wadogo huja kula mwani.

Utando huo sasa ni kijiji. Ute unawashika wote pamoja, unazuia wasikauke na wasichukuliwe na maji. Ndiyo sababu kusuuza hakusaidii. Maji yanayopita juu ya utando huondoa wale walio juu tu. Walio chini wameshikwa na gundi, nao ndio mbegu ya utando mpya.

Yanatuhusu vipi kiafya?

Wengi huuliza: Je, mwani wenyewe huleta ugonjwa? Jibu ni kwamba mwani wa kijani na diatomu, kwa kawaida, si vijidudu vya maradhi. Mtu aliyekunywa chache hatapata kipindupindu kwa ajili yake. Samaki huishi kwa mwani, na sehemu kubwa ya oksijeni tunayopumua imetokana nao. Hatari iko katika mambo manne yanayoandamana nao.

La kwanza ni maficho. Vijidudu vya kuhara vikiingia mtungini kutoka kwa mkono usionawiwa au kikombe kichafu, hupata hifadhi ndani ya utando. Utando ukibanduka kidogo, huingia katika maji ya kunywa. Hivyo maji yaliyotoka safi kisimani huweza kuharibikia nyumbani, ndani ya chombo chenyewe.

La pili ni kupunguza nguvu ya dawa. Klorini tunayotia majini kuua vijidudu haichagui. Hutumika pia kupambana na mwani, ute na uchafu mwingine. Katika mtungi wenye utando mnene, dawa huisha kabla ya kazi kwisha. Mama huamini kwamba ametibu maji, kumbe ametibu ukuta wa mtungi.

La tatu ni konokono. Konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho hula utando wa mwani ulio juu ya mawe, majani na kuta za mifereji. Ukambani, kichocho cha matumbo kimechunguzwa na madaktari kwa miaka mingi, hasa sehemu za Machakos kama vile Kangundo. Mwani hauleti kichocho. Huletwa na kinyesi au mkojo wa mgonjwa ukiingia majini, na konokono wakiwapo kupokea vijidudu hivyo. Lakini penye chakula kingi cha konokono, mzunguko huo hupata nguvu.

La nne, na ndilo zito kuliko yote, ni wale bakteria wa buluu-kijani. Aina iitwayo Mikrosisti ina vifuko vidogo vya hewa ndani ya seli. Kwa vifuko hivyo huelea. Mchana ikishajitengenezea sukari nyingi huwa nzito na kuzama, usiku ikiitumia sukari hiyo huwa nyepesi na kupanda. Ndiyo maana asubuhi tulivu unaweza kukuta bwawa limefunikwa na kitu kama rangi ya kijani iliyomwagika. Upepo ukivuma, huusukuma utando huo hadi ukingoni, mahali pale pale ambapo watu huteka na mifugo hunywa.

Baadhi ya bakteria hawa hutoa sumu inayoharibu ini. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo, na zaidi ya 50 walifariki. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 ya sumu kuu ya aina hiyo kwa lita moja ya maji yanayonywewa siku zote. Hapa kwetu, ghuba ya Ziwa Viktoria karibu na Kisumu inajulikana kwa milipuko ya viumbe hawa.

Msomaji azingatie sana jambo hili: kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Moto huua seli, lakini seli ikipasuka huimwaga sumu yote majini. Klorini pia ikitiwa katika maji yaliyojaa bakteria hao huwapasua. Kwa hiyo maji yenye utando kama rangi iliyomwagika, hasa yenye harufu ya kuoza, yasinywewe hata yakichemshwa. Mifugo nayo ifukuzwe hapo, na mkuu wa afya wa eneo aarifiwe.

Somo la mchanga

Wakazi wa Kitui na Makueni wana dawa ya zamani ambayo sasa tunaweza kueleza sababu yake. Kiangazi, mito mingi ya huko hubaki mchanga mtupu. Lakini wenyeji huchimba mchanga huo na kupata maji baridi, maangavu, yasiyo na rangi ya kijani hata kidogo. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL la Kitui pamoja na wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe za mchanga.

Kwa nini maji hayo hayawi ya kijani kama ya silanga? Kwa sababu chini ya mchanga kuna giza. Mwani ulioshuka huko hauna mwanga wa kuufuata wala wa kupikia chakula. Wengi hunaswa kwenye chembe za mchanga zilizo juu na kufa. Bwawa la mchanga ni tangi lenye kifuniko, lililojengwa na mto wenyewe.

Hata hivyo, maangavu si sawa na salama. Shimo lililo wazi, ambalo punda, mbwa na watu hulitumia pamoja, hupata vijidudu kwa urahisi. Kisima kilichofunikwa na chenye pampu, kando ya bwawa hilo hilo, ni bora zaidi.

Ajabu nyingine ni kwamba ulimbo ule ule tunaoulaumu mtungini unaweza kutusaidia. Mwaka 1804, John Gibb wa Paisley, Scotland, alianza kuchuja maji ya mji kwa kuyapitisha polepole katika mchanga. Baadaye iligunduliwa kwamba juu ya mchanga hufanyika ngozi hai ya mwani, diatomu na bakteria, na ngozi hiyo hunasa na kula vijidudu. Vichujio vya mchanga vya nyumbani vinavyotumika siku hizi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mwenye kichujio cha namna hiyo asikimbilie kukwangua mchanga wote ung'ae, kwani ngozi ikiondolewa huchukua wiki kadhaa kukomaa tena. Afuate maagizo ya fundi.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Ondoa mwanga. Tangi liwe jeusi au la rangi nzito, na kifuniko kifungwe barabara. Mitungi inayopitisha mwanga iwekwe ndani ya nyumba au ifunikwe kwa gunia.

2. Ondoa mbolea. Safisha mifereji ya paa kabla ya mvua. Maji ya mvua ya kwanza yasiingie tangini, maana yamebeba vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Weka wavu mdomoni mwa bomba.

3. Sugua, usisuuze tu. Tia mtungini maji ya sabuni na kokoto safi au mchanga wa chengachenga, tikisa kwa nguvu hadi kuta zikwaruze badala ya kuteleza, kisha suuza. Tangi tupu lisuguliwe kwa brashi kila mwaka kabla ya mvua. Asiingie mtu ndani ya tangi peke yake bila mwenzake nje.

4. Tia dawa baada ya kusugua. Kijiko kidogo kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, katika lita moja ya maji kinatosha kuosha mtungi. Zungusha iguse pande zote kwa dakika chache, mwaga, kisha suuza kwa maji safi. Usichanganye dawa hiyo na sabuni ya choo wala dawa nyingine.

5. Chuja kwa kitambaa kabla ya kutibu. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba katika vijiji vya Bangladesh, kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa vijidudu vyake hupanda juu ya wadudu wadogo wa majini na mwani. Leso kuukuu, safi, iliyokunjwa vivyo hivyo inaweza kutumika. Seli moja moja hupita, kwa hiyo baada ya kuchuja maji lazima yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

6. Usichote kwa kikombe. Tumia mtungi wenye bomba, au mimina.

7. Maji ya silanga ya kuogea yakikaa siku mbili katika tangi lisilo na konokono, vijidudu vya kichocho hufa. Hilo halifanyi yafae kunywa bila kutibiwa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikiweka maji katika chupa angavu juani, si nitaotesha mwani? Chupa angavu yenye maji maangavu ikilazwa kwenye jua kali kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, miale ya jua huua vijidudu vingi. Lakini ukiiacha wiki nzima dirishani, mwani waweza kuota. Tibu, kisha utumie maji hayo upesi.

Utelezi usio na rangi, ndani ya tangi jeusi, una maana gani? Ni utando wa bakteria bila mwani. Giza huzuia mwani, halizuii bakteria. Kwa hiyo tangi jeusi nalo lahitaji kusuguliwa.

Mtoto amekunywa maji ya kijani, nifanye nini? Akianza kuhara, mpe maji ya chumvi na sukari yanayouzwa kwa pakiti, na umpeleke zahanati. Ikiwa maji hayo yalikuwa na utando kama rangi iliyomwagika, naye anatapika, amelegea au macho yanageuka manjano, usingoje. Mpeleke hospitali mara moja, na umweleze daktari maji yalivyoonekana.